Mwenye Njaa Hana Miiko?

Wazee wetu walituachia methali nyingi, na miongoni mwake iko moja fupi isemayo kuwa mwenye njaa hana miiko. Msomaji, bila shaka umepata kuisikia, na yamkini umeitumia kwa mzaha siku ulipokula kiporo cha mwenzako bila ya ruhusa yake. Lakini ukiitazama vizuri utaona kuwa si ya mzaha. Methali hii inatoa hukumu nzito juu ya mwanadamu. Inasema kuwa heshima, adabu na sheria ni nguo tu tuzivaazo tukiwa tumeshiba. Njaa ikija nguo huvuliwa, na kinachobaki ni mnyama. Kama hukumu hiyo ni ya haki, basi hapana tofauti kubwa kati ya mtu na fisi ila sahani moja ya chakula. Kama si ya haki, yatupasa tujue kwa nini si ya haki.

Hukumu haikatwi kwa maneno matupu, hutaka ushahidi. Kwa hiyo nataka nikupeleke mahali ambapo methali hii ilijaribiwa kweli kweli, si kwa siku moja, bali kwa muda wa miaka miwili na zaidi. Mahali hapo ni Ukambani, katika nchi ya Matiliku na majirani zake.

Matiliku ni soko katika Makueni, si mbali na mlima wa Nzaui. Mlima ule una jabali kubwa linaloonekana kutoka mbali, na masimulizi ya Wakamba husema kuwa wazazi wa kwanza wa kabila lao waliteremkia juu ya jabali hilo. Zamani, kabla ya reli, misafara iliyotoka Mombasa kwenda Machakos na Uganda ilipita karibu na Nzaui, ikanunua chakula na kupumzika. Ni nchi nzuri kwa mwenye kuijua, lakini mvua yake haiaminiki. Misimu ya mvua ni miwili: mmoja tangu Machi hadi Mei, na mwingine tangu Oktoba hadi Desemba, na mkulima wa huko huutegemea zaidi huo wa pili. Mvua ikikosa msimu mmoja, watu hupunguza mlo. Ikikosa misimu miwili, ghala hufagiwa. Ikikosa mitatu, watu huanza kuhama.

Wakamba huzipa njaa zao majina, kama watu wengine wanavyoyakumbuka majina ya wafalme wao. Iko iliyoitwa Ndeke, yaani ndege, kwa kuwa katika mwaka wa 1961 chakula kiliangushwa kutoka angani. Iko ya miaka ya 1980 iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa hali nimeshika, kwa sababu fedha zilikuwako mkononi lakini chakula cha kununua hakikupatikana. Walakini iko moja inayotajwa kwa hofu kuliko zote. Jina lake ni Ngomanisye, yaani iliyoenea kote. Ilianza mvua za mwisho wa mwaka wa 1897 zilipokosekana. Ikakaza katika mwaka wa 1898. Na katika mwaka wa 1899 ikawa haina tena wa kuizuia. Hiyo ndiyo tutakayoiita mbele yetu itoe ushahidi.

Kwanza uione hali ilivyokuwa kabla ya njaa, maana mtu hawezi kujua kilichovunjika asipojua kilivyokuwa kizima. Wakamba wa wakati ule hawakuwa na mfalme, hawakuwa na polisi, wala hawakuwa na gereza. Mgeni aliyepita njiani angaliweza kudhani kuwa hawakuwa na sheria, na angalikosea sana. Watu waliishi katika utui, yaani mtaa wa majirani waliojuana kwa majina na kwa koo. Nje ya lango la mji palikuwa na thome, uwanja ambapo wanaume waliota moto jioni, wakazungumza, na vijana wakasikiliza. Hapo ndipo habari zilipopimwa, na mwenendo wa kila mtu ukajulikana. Mambo mazito yalipelekwa mbele ya nzama, baraza la wazee. Mtu aliyeua alilipa fidia ya ng'ombe, yeye pamoja na jamaa zake. Waliobishana pasipo shahidi waliapishwa kwa kithitu, kiapo ambacho kila mtu aliamini kuwa humwua mwongo pamoja na watu wa nyumba yake. Na mwizi sugu, au mchawi aliyeshindikana, aliweza kuuawa kwa hukumu ya jamii nzima iliyoitwa king'ole. Lakini hata hapo wazee hawakuthubutu kuitimiza kabla ya kupata kauli ya jamaa zake mwenyewe.

Ukizichungulia sheria hizo utaona jambo ambalo vijana wengi hawalifikiri. Sheria si maneno tu. Sheria ina mwili, na mwili wake huhitaji kulishwa. Fidia ya damu ilihitaji ng'ombe. Baraza la wazee lilihitaji mnyama wa kuchinja na pombe ya kunywa. Kiapo kilihitaji mtu anayetumaini kuwa hai mwaka ujao. Na aibu, ambayo ndiyo polisi mkubwa kuliko wote, ilihitaji majirani wakae pamoja ili waonane.

Sasa tazama mwili huo ulivyoanguka kiungo baada ya kiungo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika ya Mashariki ukaangamiza ng'ombe wengi mno. Ng'ombe walipokufa, fidia ya damu ikakosa sarafu yake. Kisha mvua zikakosekana. Mbuzi na kondoo walipoliwa au kufa, baraza la wazee likakosa cha kuchinja, na wazee wenyewe wakawa dhaifu. Watu walipohama kutafuta chakula, wengine wakielekea milima ya Kilungu na Mbooni, wengine nchi ya Wakikuyu na Embu, moto wa thome ukazimika, kwa kuwa hapakuwa na wa kuuota. Kithitu kilibakia, lakini mtu aliyekwisha kuona mauti mlangoni kwake haogopi sana mauti aliyoahidiwa ya kesho. Katika mwaka wa 1899 ndui nayo ikafuata njia zile zile walizopita wenye njaa, ikawakuta miili yao haina nguvu ya kupigana nayo. Walikufa watu maelfu kwa maelfu, na iko miji iliyobaki pasipo hata mtu mmoja wa kuizika mifupa.

Hapo ndipo mambo yasiyosemeka yalipoanza kutendeka. Makundi ya vijana yaliunga silaha pamoja yakavizia njiani. Wanawake waliokuwa wakienda nchi za watu kubadilisha mali iliyosalia kwa chakula walinyang'anywa walichobeba, na wengine wakatekwa wao wenyewe. Watoto waliopotea, au waliofiwa na wazazi wao, walichukuliwa wakauzwa. Nyumba zilizokaa peke yake zilivamiwa usiku kwa ajili ya kibaba cha nafaka. Mwizi wa chakula aliuawa papo hapo, bila ya nzama wala king'ole, bila ya mtu kuuliza ni mtoto wa nani. Wagonjwa wa ndui walikimbiwa na watu wao. Na huko ugenini, wakimbizi wengi waliitwa waleta maradhi, wakafukuzwa au wakapigwa.

Msomaji, usiyasome haya kwa haraka. Wale vijana waliovizia njiani hawakutoka mwituni wala hawakuja kutoka nchi ya mbali. Walikuwa wachungaji wa mbuzi wa mwaka juzi. Walikuwa wamekaa kwenye thome wakawasikiliza wazee; walikuwa wamecheza ngoma na dada za hao hao waliowanyang'anya. Kikulacho ki nguoni mwako, na giza linalokutisha halikai porini linakungoja. Limo ndani, limefungwa kwa kamba ambazo hukuzihesabu mpaka siku zilipokatika.

Lakini mtu hupitaje kutoka mahali pale mpaka hapa? Hebu tufikiri mji mmoja wa kubuni, ulio mfano wa miji mingi. Katika mwezi wa kwanza wa njaa, mama wa mji huo bado anapeleka kibuyu cha uji kwa jirani yake, ijapokuwa kibuyu kimekuwa kidogo. Katika mwezi wa tatu hapeleki tena, lakini anaona haya, naye humwambia jirani kuwa hana. Katika mwezi wa tano anapika usiku, ili moshi usionekane. Katika mwezi wa saba anapita njia nyingine, asikutane na jirani, maana salamu huleta maombi, na maombi huleta haya. Katika mwezi wa tisa jirani anaingia ghalani usiku, naye mume wa yule mama anamchoma mkuki gizani. Kunapokucha wanasema wameua mwizi. Hawasemi wamemwua fulani, mwana wa fulani. Jina lake lilikwisha kufa miezi miwili kabla yake, siku ile salamu ilipokatwa.

Hivyo ndivyo giza linavyoingia. Haliji kwa kishindo. Huja kwa moshi uliofichwa na kwa njia iliyobadilishwa. Kabla mtu hajamtenda mwenziwe lile jambo kubwa, huwa amekwisha kuacha kumtazama usoni.

Kama ushahidi wetu ungaliishia hapa, ningekubali kuwa methali imeshinda. Lakini shahidi anayesema nusu ya aliyoyaona ni mwongo, na Ngomanisye ina nusu ya pili.

Njaa ile ile, katika miezi ile ile, iliona watu waliowachukua watoto wa marehemu wakawalea pamoja na wao. Iliona wanawake waliotembea siku nyingi kati ya wanyama na wanyang'anyi, wakarudi na mzigo wa chakula ambao wangaliweza kuula wote njiani. Iliona Wakikuyu na Waembu waliowapokea wageni, wakawafanya jamaa, wakawapa mashamba ya kulima. Huko Machakos, Mwingereza John Ainsworth, aliyekuwa mtawala wa sehemu zile, aliwagawia wenye njaa nafaka. Na reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, ambayo ilipita chini ya vilima vya Makueni ikafika Nairobi mwezi wa Mei mwaka wa 1899, ililetea sehemu zile magunia ya mchele. Chakula kile hakikuwatosha wote, wala hakikufika kila mahali. Lakini kiliokoa roho za watu wengi.

Liko jambo jingine la kukufunza zaidi, nalo ni habari ya rehani. Katika njaa ile wazazi wengi wa Kikamba waliwaweka binti zao, na waume wengine wakawaweka wake zao, katika miji ya watu wenye chakula, hasa nchi ya Wakikuyu, ili wapate nafaka na ili wale waliowekwa wapate kula. Ukisikia hivyo waweza kusema mara moja kuwa waliwauza. Ngoja kidogo. Rehani si mauzo. Aliyewekwa rehani alikuwa na jina na ukoo, yalikuwako mapatano, na mzazi alikuwa na haki ya kurudi, mvua itakaponyesha, amkomboe mtoto wake, au apokee mahari kama ameolewa huko. Pale ambapo mapatano yalishikwa, rehani iliokoa watu wawili kwa mara moja: aliyeondoka na aliyebaki. Pale ambapo mapatano yalitupwa, mtoto yule yule aligeuka bidhaa. Tendo lilikuwa moja, na nafaka ilikuwa ile ile. Kilichotenga nuru na giza kilikuwa ahadi iliyowekwa mbele ya mashahidi, na mtu aliyekubali kuikumbuka baadaye.

Mvua zilirudi mwishoni mwa mwaka wa 1899. Watu walionusurika walirudi wakajenga upya, wakawasha tena moto wa thome. Je, walifanya nini kwanza? Kama methali ingalikuwa kweli tupu, wangaliishi tangu hapo kama walivyokuwa wamezoea katika njaa, mwenye nguvu akimla mnyonge. Hawakufanya hivyo. Walifunga safari kwenda kuwatafuta waliowekwa rehani. Walidai, walibishana, walileta mashahidi mbele ya wazee na mbele ya wakuu wa serikali, na mashauri hayo yaliendelea kwa miaka mingi baada ya njaa kwisha. Mashauri mengine yalikuwa magumu mno, maana msichana alikuwa amekwisha kuolewa na kuzaa, naye hakutaka kurudi. Lakini hata ugumu huo ni ushahidi. Mnyama akishiba hafungui mashauri ya juzi. Ni mwanadamu peke yake anayeona haya kwa aliyoyatenda alipokuwa na njaa, na anayerudi kutafuta kanuni aliyoiangusha njiani.

Sasa tuipime tena methali yetu kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza inauliza: Je, wenye njaa wote hawana miiko? Mizani ya pili inauliza: Je, walioshiba wote wanayo?

Katika mizani ya kwanza tutie kisa cha mbali, kwa sababu kiliwapata vijana wa rika lako. Mwaka wa 1954 mwandishi wa Kiingereza William Golding alitoa kitabu cha hadithi juu ya wavulana waliotupwa katika kisiwa pasipo mtu mzima, wakageuka wakatili hata wakauana. Hadithi ile imesomwa shuleni duniani kote, na wengi huidhani kuwa ni sura kamili ya mwanadamu. Lakini mwezi wa Juni mwaka wa 1965 jambo kama hilo lilitokea kweli katika visiwa vya Tonga, Bahari ya Pasifiki. Wavulana sita wa shule moja ya bweni waliiba mashua wakakimbia. Dhoruba ikawavunjia tanga na usukani, na baada ya siku nyingi wakatupwa katika kisiwa cha 'Ata, kisichokuwa na mkazi. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, mpaka Septemba 1966, nahodha Mwaustralia Peter Warner alipowaona akawaokoa. Aliwakuta wote sita wazima. Walikuwa wamegawana kazi ya shamba, ya jiko na ya ulinzi, wawili wawili. Walikuwa wamewasha moto, nao hawakuuacha uzimike. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake waliufunga kwa vijiti mpaka ukapona. Na wawili walipogombana, kila mmoja aliondoka akaenda upande wake wa kisiwa mpaka hasira ipoe, kisha wakapatana. Angalia kuwa vijana hao hawakuwa malaika. Walifika huko kwa wizi wa mashua. Wala hawakuwa na mwalimu wala polisi. Walikuwa na kanuni walizozitunga wenyewe, na walikuwa na moto mmoja walioulinda kwa zamu.

Katika mizani ya pili tutie kisa cha karibu na Ukambani, cha miaka ile ile ya Ngomanisye. Upande wa magharibi wa maziwa makuu, katika nchi ya Kongo, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na dola lililokuwa mali yake mwenyewe tangu mwaka wa 1885 hadi 1908. Maofisa wake walitoka katika nchi zenye mahakama, makanisa na vyuo vikuu. Hawakukosa chakula. Lakini huko msituni, mbali na macho ya watu waliowajua, walipewa bunduki na amri ya kuleta mpira, wala hapakuwa na wa kuwauliza. Vijiji vilivyoshindwa kuleta mpira vilichomwa moto. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao walete. Na askari walitakiwa kuleta mikono ya watu iliyokatwa, ili waonyeshe kuwa risasi hazikutupwa bure. Ripoti ya balozi wa Kiingereza, Roger Casement, iliyotolewa mwaka wa 1904, iliufunulia ulimwengu habari hizo. Basi wapo waliokuwa wakiiita Afrika bara la giza, kumbe giza walisafiri nalo wenyewe, limekunjwa ndani ya mizigo yao pamoja na mashati yaliyopigwa pasi.

Ukizitazama mizani hizo mbili utaona kuwa methali yetu imesema kweli, lakini haikumaliza. Mwenye njaa aweza kukosa miiko; na mwenye shibe aweza kuikosa vile vile. Njaa si mama wa giza. Njaa huikata kamba moja. Uwezo usioulizwa huikata nyingine. Hofu huikata ya tatu. Giza lenyewe lilikuwamo tangu awali katika kila moyo, mweusi kwa mweupe, tajiri kwa maskini. Na pamoja nalo, katika moyo ule ule, limo jambo jingine linalomfanya mtu agawe uji wa mwisho. Kipi kati ya hivyo viwili kitatawala hakiamuliwi siku ya msiba. Huamuliwa kabla, katika siku za kawaida, kwa jinsi watu wanavyozoea kutazamana.

Usidhani kuwa nakusimulia habari za kale zisizokuhusu. Mwishoni mwa Desemba 2007, baada ya uchaguzi, nchi ya Kenya haikuwa na ukame wala ndui. Wabunge walikuwa wamechaguliwa, shule zilikuwako, masoko yalikuwa na chakula. Hata hivyo, katika muda wa miezi miwili tu waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakafukuzwa katika nyumba zao, wengi wao na majirani waliokuwa wamekopeshana chumvi. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, moto ukazimwa. Lakini waulize waliookoka watakuambia kuwa panga halikuwa la kwanza. Kabla ya panga yalikuwako maneno: watu walikwisha kuacha kuitwa kwa majina yao, wakaitwa kwa kabila zao, kisha wakaitwa kwa majina ya magugu na ya wadudu. Jina likifa, mwenye jina yu hatarini.

Labda utaniuliza: Mimi mwanafunzi nifanye nini juu ya mambo makubwa namna hii? Nakujibu kuwa unayo nafasi kila siku. Mwalimu akitoka darasani, sheria hutoka naye kwa muda. Tazama basi litokealo. Yuko mmoja ambaye huchokozwa kila mara, naye amepewa jina la kuchekesha ambalo limelifukuza jina lake la haki. Wako wanaoanza, wako wanaocheka ili wasije wakachokozwa wao, na wako wanaoinamisha macho kwenye kitabu wasichokisoma. Hiyo ni Ngomanisye ndogo, isiyo na njaa wala ndui. Na yuko pengine mmoja anayemwita yule mnyonge kwa jina lake la haki, akamkaribisha aketi karibu naye. Huyo hajafanya jambo kubwa machoni pa watu. Lakini amefanya kazi ile ile ya wavulana wa 'Ata walioamka usiku kwa zamu kuongeza kuni.

Leo ukifika Matiliku siku ya soko utawaona watu wakisalimiana kwa muda mrefu kabla ya kuuliza bei. Mgeni mwenye haraka huenda akaona kuwa ni kupoteza wakati. Wewe uliyesoma habari hizi usione hivyo. Mvua ya nchi ile bado haiaminiki, na itakosa tena siku moja, kama ilivyokosa mara nyingi. Wenye busara huweka akiba ya nafaka ghalani kwa ajili ya siku hiyo. Lakini iko na akiba nyingine isiyowekwa ghalani, nayo ni kumjua jirani kwa jina lake, na kutoikata salamu hata siku ambayo huna cha kumpa.